Filamu ya watoto wanne kwenye reli, na safari zetu za utotoni: watu wa Mombasa tupeane uzoefu

Barza ya Kuze

Asalaam aleikum wana Mombasa, na wengine wote hamjambo.

Juzi nimekaa na wanangu wakubwa tukatazama Stand by Me, filamu ya Rob Reiner ya mwaka 1986. Wengi wa rika langu mliiona kwa kanda, nyumbani kwa jirani mwenye deki. Kwa asiyeijua: ni mwaka 1959, mji mdogo wa jimbo la Oregon huko Marekani, likizo yaelekea kwisha. Gordie, Chris, Teddy na Vern, watoto wa miaka 12 hivi, wanapata fununu kwamba maiti ya mtoto aliyepotea iko mbali porini kando ya reli. Wanawadanganya wazazi kuwa wanalala nje kwenye hema, kisha wanaifuata reli kwa miguu ili wawe wa kwanza kuiona. Chanzo chake ni hadithi ya Stephen King iliyotoka mwaka 1982.

Watu husifu sana pale darajani, treni inapowatokea kwa nyuma. Mimi kilichonishika ni mazungumzo ya Gordie na Chris njiani. Shule kubwa inawangoja. Gordie atawekwa na wanaoandaliwa kwenda chuo kikuu, Chris anajua atapelekwa kwenye kazi za mikono, kwa kuwa mji mzima ushaihukumu familia yake. Urafiki utakufa hapo, na hakuna aliyemkosea mwenziwe. Nasi tulikuwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kutoka 1985 mpaka 2023. Matokeo yakishatoka, watoto waliokula sahani moja tangu wadogo mmoja anaenda bweni bara, mwengine shule ya kutwa, mwengine kwa fundi. Kufika Idi wanapeana mikono kama wageni.

Basi lete safari yako. Mlikwenda wapi bila ruhusa, nani alikuwa mbele, na wenzako wako wapi leo? Majina ya watu msiweke.

Mtoto wa Reli, Changamwe

Wacha nianze mimi, maana reli ilipita nyuma ya nyumba zetu. Ile ya zamani, ya upana wa mita moja, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896. Si hii reli mpya ya SGR ya Miritini ya mwaka 2017.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Ikaja habari kwamba treni ya mizigo imeanguka Mazeras. Tukatoka alfajiri na mapema, watoto wa mtaa mmoja, tumebeba mhogo wa kuchemsha na maji kwenye dumu la mafuta ya kupikia. Kutoka Miritini reli inapanda. Ukiwa kwenye gari huhisi, lakini kwa miguu magoti yanakwambia. Halafu mataruma hayalingani na hatua ya mtoto. Ukikanyaga kila moja unatembea kama uliyefungwa kamba miguuni, ukiruka moja unachoka mapema. Kokoto zinaingia kwenye patipati, kila mara usimame uzikung'ute. Kiongozi wetu, ambaye babake alikuwa kuli bandarini, alikuwa na mazoea ya kuinama na kuweka kiganja juu ya chuma. Akihisi kinatetemeka anatupungia mkono, sote tunashuka kwenye nyasi. Yule mdogo kabisa, kiongozi mwenyewe alimshika shati, mpaka behewa la mwisho lipite.

Mazeras tukakuta mabehewa yamelala ubavu, ngano imemwagika na askari wamezunguka. Tukafukuzwa. Tulipanda kilimani tukatazama winchi ikivuta chuma mpaka njaa ikatuuma. Mzee mmoja wa Kirabai aliyekuwa akigema akatuita, akatuangulia madafu, akauliza sisi ni watoto wa nani. Aliposikia Changamwe akashika kichwa. Yeye ndiye aliyetusimamishia lori la mchanga lililokuwa likiteremka mjini.

Mtihani ulipokuja, kiongozi wetu alipita vizuri kunishinda. Karo ndiyo haikupatikana. Mimi nikaenda bweni, na likizo ya kwanza nikamkuta bandarini na magunia, akaniita "bosi". Mtu aliyeniongoza mpaka Mazeras! Pale Chris anapomwambia Gordie asijiharibie masomo ili tu abaki na wenziwe, nilisimamisha filamu nikatoka nje kidogo.

Wa Tudor

Aliyeigiza Chris ni River Phoenix. Alifariki mwaka 1993 akiwa na miaka 23 tu. Na kwenye filamu yenyewe, Chris anasoma kwa shida mpaka anakuwa wakili, kisha anachomwa kisu akiamua ugomvi wa watu asiowajua. Ukiyajua haya mawili, pale anapoagana na Gordie huwezi tena kupatazama hivi hivi.

Ngazi za Leven

Sisi wa Mji wa Kale tulikuwa na bahari. Tukitoka chuoni, yaani madrasa, alasiri ni kukimbilia upande wa bandari ya zamani, vitabu vyafichwa dukani kwa mtu, na kuruka. Kulikuwa na sheria: haruki mtu mpaka mkubwa ayaangalie maji. Mombasa bamvua si mchezo. Mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji kujaa na kupwa hutofautiana karibu mita 4. Mahali unapozama alasiri, asubuhi yake palikuwa mwamba mtupu. Wakubwa walitufundisha kuzisoma zile ngazi za Leven, zenye jina la meli ya Waingereza iliyokuja mwaka 1824. Zikiwa zimemezwa mpaka wanapopataka wao, ndipo unapewa ruhusa.

Tulikuwa na mwenzetu aliyeogopa. Hakuna aliyemsukuma wala kumcheka, tulimwachia nguo azichunge. Siku moja akazikunja zetu vizuri, akazipanga, akavua yake akaiweka juu, akaruka. Hakusema neno. Leo ni nahodha huko Lamu na bado akija mjini tunaonana.

Mama Kaimati

Filamu nzuri, nakubali. Lakini wenye watoto wadogo wajue ina matusi mengi, watoto wanavuta sigara na imo bastola. Huko kwao Marekani ilipewa daraja la R. Kaa nao mtazame pamoja, ama ngoja wakue.

Binti wa Timbwani

Mbona safari ya filamu ni ya wavulana watupu, na hadithi zote hapa ni zao? Sisi wasichana wa Likoni nasi tulitoka.

Asubuhi ya bamvua, maji yakitoka, kina mama walikuwa wakienda mwambani upande wa Shelly Beach kuokota kome na kuwinda pweza kwa vijiti. Siku hiyo mimi, binti wa mamangu mdogo na msichana wa jirani tulitumwa kupeleka maandazi, tukayafikisha, kisha tukafuata mwamba peke yetu mbali kabisa, kila mmoja akitaka ganda kubwa kumshinda mwenziwe. Maji yakirudi hayaji mbele yako ukayaona. Yanapita kwenye vifereji nyuma, unageuka unakuta uliposhuka pakavu pamefika mapajani. Msichana wa jirani, ambaye tulimwona mwoga, ndiye aliyesema tufungane leso. Tukafunga pembe kwa pembe, yeye mbele, tukarudi kwa mstari. Ikiwa wa mbele anazama kiunoni, wa nyuma wanavuta. Mama mmoja pwani alikuwa akituonyesha kwa mkono pa kupita, na sauti imemkauka kwa kutuita.

Barza ya Kuze anasema mtihani. Kwetu yule aliyetuongoza hakuufikia mtihani, aliozwa kabla. Harusi yake tuliicheza kwa furaha, hatukujua. Mwezi uliofuata tukaenda kumwita twende pwani, tukaambiwa mke wa mtu haitwi dirishani.

Barza ya Kuze

Dada wa Timbwani, hilo halimo kwenye filamu na lilihitaji kusemwa. Ahsante. Yuko wapi sasa?

Binti wa Timbwani

Mtongwe. Ana wajukuu. Nimemsomea hapa mlivyoandika, anasema niongeze kwamba lile ganda kubwa alilipata yeye.

Barza ya Kuze

Lishaongezwa! Na wewe Mtoto wa Reli, kiongozi wenu umempata?

Mtoto wa Reli, Changamwe

Nimempigia jana. Ana duka la vipuri vya baiskeli Miritini. Filamu hajaiona, kwa hivyo Jumapili nampelekea, atazame na mwanawe. Anashikilia yalikuwa mahindi, si ngano, na kwamba mzee wa Kirabai alitudai pesa za madafu. Tutayamaliza huko huko.

Barza ya Kuze

Ukirudi utuletee majibu. Watu wa Kisauni na Mikindani bado hatujawasikia.