Methilifenideti kwa mtoto: moyo upimwe vipi?

Swali: Mtoto wa miaka 9 mwenye ADHD (tatizo la kukosa umakini na kutotulia) anaanzishiwa methilifenideti, dawa ya kutibu hali hiyo. Je, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) ni lazima?

Jibu: Si kwa kila mtoto. Maswali ndiyo hufichua mengi: amewahi kuzimia au kubanwa kifua akikimbia? Ana tundu kwenye moyo? Yupo mzazi au ndugu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 40? Ikipatikana "ndiyo" hata moja, aonwe na daktari wa moyo kwanza; dawa isubiri.

Jibu: Dawa hii huzuia noradrenalini (kemikali ya neva inayouchochea moyo) isirudi kwenye neva, hivyo mapigo hupanda kwa wastani 3 hadi 6 kwa dakika, na presha 2 hadi 4 mmHg. Wastani huo huficha wachache wanaopanda sana. Pimeni kabla ya kuanza, kila dozi inapobadilishwa, kisha kila miezi 6. Aketi atulie dakika 5. Mkanda wa kipimo cha presha uwe wa saizi ya mkono wake; ukibana, presha husomeka juu kuliko ilivyo (kosa la kila siku hilo).

Jibu: Mapigo yakizidi 120 ametulia, mrudisheni kwa daktari. Akizimia, hospitali siku hiyohiyo. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini ziepukwe, nazo hupandisha presha.