Mchezaji wa kidato cha tatu anataka ufadhili wa kikapu Marekani, tuanzie wapi?

KochaMwanza: Wakuu, nina binti anacheza gadi (mchezaji wa nyuma anayeongoza mpira), sm 175, anakaba vizuri sana. Video iweje, na tulenge vyuo gani?

Ubao_na_Nyavu: Kocha, video isizidi dakika 4. Mwanzoni weka jina, urefu, namba ya jezi na mwaka wa kumaliza shule. Kamera ikae juu, usawa wa katikati ya uwanja, ioneshe wachezaji wote kumi. Ukimfuata yeye tu na mpira, ukabaji wake unaousifia hautaonekana. Ambatanisha na mechi moja nzima isiyokatwa.

MamaKikapu: Kwenye NCAA, chama kikuu cha michezo ya vyuo Marekani, Divisheni ya 1 na ya 2 hutoa ufadhili wa michezo, ya 3 haitoi kabisa. Msidharau vyuo vya miaka miwili, vilivyo chini ya chama chao cha michezo, NJCAA. Divisheni ya 1 inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari (somo moja kwa mwaka mmoja huhesabiwa moja), wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4.0, na humo lazima hesabu isomwe miaka mitatu. Asiiache hesabu!

Ubao_na_Nyavu: Naongezea: wakala akitaka malipo kwa sharti la kumpatia ufadhili, kataeni, binti anaweza kupoteza sifa ya kucheza. Na chuo kikimkubali, kidai mapema fomu ya I-20, inayothibitisha kuwa chuo kimempokea. Viza ya mwanafunzi, F-1, haitoki bila hiyo.