Ukurasa wa Yaliyomo si bango: jarida letu la muziki linatudharau wasomaji

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Jarida la muziki ninalolinunua kila mwezi, ambalo jina lake nalihifadhi, limebadilishwa sura, na katika mabadiliko hayo ukurasa wa Yaliyomo ndio ulioharibiwa kuliko zote.

Toleo la mwezi huu nililinunua kwa ajili ya makala moja tu, inayohusu santuri ambazo Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alisafiri hadi Bombay kuzirekodi mwaka 1928. Yaliyomo yanaonyesha ukurasa wa 34. Nilipofika hapo nilikuta tangazo la simu, na kwa kuwa kurasa za matangazo na za picha kubwa hazikuchapwa namba, ilinibidi nihesabu karatasi kwa kidole mpaka nikaikuta makala kwenye ukurasa wa 41. Yeyote aliyewahi kupanga kurasa anajua kosa hili linavyotokea: tangazo linaingia dakika za mwisho, makala zinasukumwa mbele, na hakuna anayerudi kusahihisha namba, ilhali Yaliyomo ndiyo yanayopaswa kuhakikiwa mwisho kabisa kabla kazi haijapelekwa kiwandani.

Huo ni uzembe, na uzembe hurekebishika. Kinachoniudhi zaidi ni kile kilichofanywa kwa makusudi. Ukurasa mzima umefunikwa kwa picha ya mpiga kanuni, ile ala ya taarabu yenye nyuzi nyingi, na orodha imelazwa juu ya nyuzi zake kwa herufi nyeupe, nyembamba na ndogo mno. Nyuzi zinapita katikati ya maneno hata yanaonekana kama yamefutwa kwa mstari, na 6 huwezi kuitofautisha na 8 mpaka usogee dirishani. Tena herufi nyembamba zilizoachwa nyeupe ndani ya picha inayochapwa kwa wino wa rangi nne, mmoja juu ya mwingine, hazistahimili uchapaji, kwa sababu rangi moja ikisogea kidogo tu, wino huingia ndani ya herufi na kuziziba. Msanifu aliitazama kazi yake kwenye kioo cha kompyuta kinachong'aa. Sisi tunaisoma kwenye karatasi.

Vichwa navyo havisemi kitu. "Malkia Arejea": malkia yupi, na amerejea kutoka wapi? Majina ya waandishi na wapiga picha yameondolewa yote.

Najua nitajibiwa kwamba huu ni ubunifu, nami ubunifu nauheshimu. Katikati ya miaka ya 1980, Neville Brody, msanifu wa jarida la The Face la London, alilivunjavunja neno la kichwa cha ukurasa wake wa yaliyomo, toleo baada ya toleo, mpaka likawa alama tu. Lakini alichokivunja ni kichwa, ambacho msomaji alikwisha kukizoea na angeweza kukitambua hata kikiwa vipande. Hapa kwetu iliyovunjwa ni orodha yenyewe, ambayo hubadilika kila mwezi na haiwezi kuzoeleka.

Kabatini mwangu nina matoleo ya miaka tisa. Jarida halina faharasa, kwa hiyo nikitaka uchambuzi wa albamu fulani ya taarabu au mahojiano na mpiga udi wa zamani, napitia Yaliyomo ya toleo moja moja. Katika matoleo ya awali kazi hiyo ilikuwa nyepesi: namba nyeusi upande wa kushoto, kichwa, sentensi moja ya maelezo, jina la mwandishi, basi. Picha ilikuwapo pia, lakini ilikaa mahali pake, ikiwa na namba ya ukurasa inakotoka.

Nimekwisha kumwandikia mhariri mara mbili bila kujibiwa. Toleo hili nimelitengenezea orodha yangu kwa kalamu na kuibandika ndani ya jalada. Mwenye nakala naye, naomba afungue ukurasa wa 34 atueleze alichokikuta.