Masta wetu kaleta pointi za vizibo, mwizi wangu kafa watu wameshikilia akiba

Wakuu, salamu baadaye. Nimetembea kwa miguu Sakina mpaka Mianzini, boda zinanipigia honi sizioni, kwa hasira tu.

Tuko watano, tunacheza Dungeons & Dragons kila Jumamosi, ule mchezo wa mezani wa kuigiza hadithi: kila mtu ana mhusika wake, masta anasimulia na kuamua, dadu inasema kama umefaulu. Huu mwaka wa pili. Seti ya dadu ni moja, tunapokezana, na hatujawahi kununiana. Mwezi uliopita masta akaja na lake: ukicheza vizuri anakupa kizibo cha soda, na kizibo kimoja kinakuruhusu kurusha dadu upya.

Wazo lenyewe halina ubaya, wala hakulibuni yeye. Kwenye kitabu cha sheria za mchezo cha 2014 lipo, linaitwa Inspiration: ukiigiza tabia ya mhusika wako, hata ule udhaifu wake, masta anakupa, halafu unarusha dadu mbili za pande 20 unachukua kubwa. Ila kitabu kinasema unayo au huna, hakuna kulimbikiza. Huyu wetu hapo karuka. Wekeni akiba, anasema.

Basi watu wakaweka! Tunanyata pangoni, goblini, vile vijitu viovu, wako hatua kumi, mwimbaji wetu anaanza kumlilia marehemu mama yake kwa sauti, jicho kwa masta. Kizibo. Mwingine kaingia na chipsi mayai ya masta, kizibo. Chipsi mayai, jamani, na mhusika wake ni mtawa aliyeapa ufukara.

Mimi nacheza mwizi. Mwizi akiijua kazi yake haonekani. Leo nimetegua mitego mitatu na kuchomoa ufunguo kiunoni mwa mlinzi. Masta: "Sawa, endelea." Sina hata kimoja.

Mwizi wangu akaanguka, yuko mahututi. Mnajua ile ya kurusha dadu kujiokoa, 10 kwenda juu umefaulu, ukikosa mara tatu umezikwa. Nimeshakosa mbili. Narusha, dadu inazunguka mpaka kwenye sahani ya chipsi, inalala kwenye 7. Nikaomba kizibo kwa mwimbaji. Kitabu kinaruhusu kumpa mwenzako. Alikuwa na 11, kavipanga mbele yake kama kete za bao. Akasema anavitunza kwa ajili ya joka.

Joka lenyewe hatujaliona hata mkia.

Nikamwambia masta tufanye kama Savage Worlds, mchezo mwingine wa aina hii: kila mtu aanze na vitatu, visivyotumika vifie palepale kikao kikiisha. Hataki, eti nina wivu. Nikahesabu vizibo vya meza nzima. Yeye alileta 20, vyote vya soda. Nimekuta 23, na vitatu ni vya bia.

Mwenye meza Njiro, Kijenge, hata Moshi, nauli najilipia, aniambie. Na wewe wa vizibo vya bia, najua unapita humu.