Hema la juu ya gari au nyumba ya kupakia nyuma ya Hilux? Niko njiani Kasenga–Pweto kila mwezi

Pampu_ya_Jua (Lubumbashi, Ruashi)

Jambo yenu wote. Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza pampu za maji zinazotumia nguvu za jua. Kila mwezi nashika njia ya Kasenga, napita Kilwa, mara nyingine nafika Pweto. Siku nane, siku kumi, mimi na mdogo wangu anayenisaidia. Gari ni Hilux ya milango minne, ya mazutu (dizeli).

Kinachonisumbua ni usingizi. Vijijini wanatupokea vizuri mno, lakini mwenye nyumba akikupa chumba chake, ujue watoto wake usiku huo wamelala jikoni. Hilo linaniuma. Mwezi wa pili mvua ilitukamata, tukalala ndani ya gari siku tatu mfululizo, viti vimelazwa, miguu juu ya boksi la vyombo. Asubuhi ya siku ya nne nilipanda mnara wa tangi, mita sita, na kufika juu nikaona mikono inatetemeka, bisibisi hainikai vidoleni. Nikashuka, nikamwambia mdogo wangu leo hatupandi tena. Wanawake walikuwa wamekwisha kupanga ndoo zao chini, tukawaambia wangoje kesho. Sitaki hiyo irudi.

Sasa kuna mhandisi mmoja anamaliza mkataba wake hapa mjini, anauza nyumba ya kupakia: inaingia ndani ya karoseri (sehemu ya mzigo nyuma ya gari), ina kitanda, jiko dogo la gesi na tangi la maji la lita 70. Kwenye kibao chake imeandikwa kilo 620 ikiwa tupu. Ni nzuri, nimeingia ndani, unasimama wima kabisa. Rafiki mwingine ananiambia niache, nitafute hema la kufunga juu ya gari, yale yanayotoka Afrika Kusini.

Maswali yangu: paa la Hilux litabeba? Hema litavumilia mvua ya mwezi wa kwanza? Na vyombo vyangu (paneli, mabomba, jenereta ndogo, maboksi mawili) vitakaa wapi? Aliyelala kweli juu ya gari ndiye nataka kumsikia.

Yaya_wa_Kalubwe

Mdogo wangu, huu ni mwaka wangu wa tano kulala juu ya gari. Nanunua asali na nta: upande wa Minga, chini ya Kundelungu, wakati mwingine Kapolowe. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu ule mnara wako wa mita sita umenitisha.

Anza na hesabu. Hilux yako kwa karatasi inabeba kama tani moja, na watu wamo humo. Nyumba kilo 620, maji lita 70, hiyo ni 690. Nyinyi wawili weka 150, tumefika 840. Chakula, matandiko, mtungi wa gesi, sufuria, weka 60. Zimebaki kilo 100, na karoseri imejaa nyumba. Jenereta utaiweka wapi? Mabomba je? Tena hiyo tani wameihesabia barabara nzuri. Barabara yetu ya udongo mwekundu, yenye yale matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia, hata kilo 700 inazihesabu mara mbili.

Kuna jambo jingine wauzaji hawalisemi. Karoseri ya milango minne ni fupi, mita moja na nusu hivi. Nyumba yenyewe ni ndefu kuliko hapo, basi uzito mwingi unaning'inia nyuma ya ekseli. Springi za nyuma zinalala, mbele panakuwa pepesi, usukani unaogelea. Nimeona chasi iliyopasuka nyuma ya kabini kwa mzigo wa namna hiyo. Gari lilikaa wiki tatu kando ya njia likingoja fundi.

Nyumba ya kupakia ni kitu kizuri kwa mtu anayesafiri ili kulala. Wewe unasafiri ili watu wapate maji. Karoseri ndiyo karakana yako, usiipangishe.

Hema lina kilo 60 hivi, la magodoro mazito linafika 80. Kuhusu paa, uzito unahesabiwa namna mbili: gari likitembea na gari likisimama. Likitembea, paa la kabini ya pikapu limepewa mzigo mdogo, magari mengi ni kilo 75 au 100 pamoja na vyuma vya kubebea. Likisimama linabeba mara kadhaa ya hapo, kwa hiyo nyinyi wawili kulala juu si shida. Shida ni kilo 60 zinazorukaruka kwa muda wa saa sita. Ndiyo maana nakuambia usilifunge juu ya kabini. Tengenezesha fremu ya chuma juu ya karoseri, hema likae sawa na paa au chini kidogo. Upepo unapungua, kona hazikutishi, na chini ya hema panabaki nafasi yote ya paneli na mabomba.

Fremu yangu ya kwanza ilichomelewa haraka, bomba jembamba, boliti nne tu na nati za kawaida. Tulikuwa tunarudi kutoka Minga jioni na vidumu vya asali. Nikaanza kusikia kwek, kwek, kila tuta. Kijana wangu akasema ni mlango. Nikasimama, nikawasha tochi. Boliti mbili hazipo kabisa. Ya tatu ilikuwa imetoka nusu, nyuzi zake zinang'aa kama fedha kwa kusuguana, na pembeni ya tundu bati la karoseri limefunguka mdomo. Hema zima lilikuwa limeshikwa na boliti moja, na nyuma yetu kulikuwa na pikipiki imepakia mama na mtoto. Nilikata mpira wa tyubu kuukuu, nikafunga fremu kwa kuzungusha mara nyingi mpaka vidole vikauma, tukaenda polepole mpaka Lubumbashi. Yule mama nilimfikiria usiku kucha. Tangu siku hiyo natumia nati zenye mpira ndani, na nakaza tena baada ya kilomita 50 za kwanza, halafu kila asubuhi kabla ya kuwasha gari.

Mvua sasa. Hema la kitambaa cha pamba iliyochanganywa ndilo la huku kwetu, lile la nailoni tupu linatoa jasho. Likiwa jipya usiende nalo njiani mara moja. Lifungue uani, limwagie maji mpaka lilowe lote, liache likauke, rudia mara mbili tatu. Nyuzi zinavimba, zinaziba matundu ya sindano. Mimi kwenye mishono napaka nta ya nyuki: naipasha joto mkononi, naisugua kwa kidole gumba upande wa nje, naacha jua liilainishe iingie. Mwezi wa kwanza uliopita nililala chini ya mvua ya usiku kucha, asubuhi godoro kavu.

Ila ukilikunja bichi, lifungue jioni ileile. Siku mbili zikipita linaota ukungu mweusi, na ule hautoki.

Na mwezi wa sita na wa saba, baridi ikishuka chini ya nyuzi 10, nakuomba sana usipandishe mbabula (jiko la makaa) ndani ya hema, hata yenye makala yaliyokwisha kuwaka vizuri. Hewa yake haina harufu na inaua mtu akiwa usingizini. Chukua blanketi la tatu.

Chuma_Kamalondo

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Yaya amesema kweli, niongeze ya upande wangu.

Bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene 3. Usikubali fundi akuwekee la unene 1.5 kwa sababu ni bei nafuu na linachomeleka haraka. Nguzo nne, na kila kona lazima iwe na kipande cha mshazari. Fremu ya miraba mitupu bila mshazari inacheza kama meza mbovu. Boliti za milimita 10, nane si nne, na chini ya bati la karoseri weka kipande cha chuma kipana kama kiganja, ili boliti isivute bati peke yake. Kati ya fremu na karoseri kata mpira wa tairi kuukuu, nenda kwa kwado (fundi wa matairi) yeyote atakupa.

Na usimruhusu mtu kuchomelea kitu kwenye chasi. Pale moto ulipopita ndipo panapopasuka.

Pima pia urefu wa jumla ukimaliza, uandike kwa rangi juu ya dashibodi. Matawi ya miembe vijijini yako chini kuliko unavyodhani.

Mama_Chanjo

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, nazunguka na timu ya chanjo, na gari letu lina hema juu tangu miaka miwili. Wanaume wameongea habari ya boliti, acheni niseme habari ya ngazi.

Ngazi ni ya vyuma vyembamba, inasimama karibu wima. Kuishuka saa nane ya usiku na kikwembe, ukitafuta choo, mvua imelowesha vidaraja, ni kazi. Mwenzangu aliteleza daraja la pili kutoka chini akavimba kifundo cha mguu. Tulifunga kamba ya mpira kila daraja na tatizo likaisha. Pia tulinunua lile pazia linaloshuka kutoka kwenye hema mpaka chini kuzunguka ngazi. Tunabadilisha nguo mle, tunaweka ndoo mle. Kwa mwanamke safarini pazia lile lina thamani kuliko hema lenyewe.

Pampu, wewe unapita Kasenga na Kilwa, kando ya Luapula na ziwa Moero. Mbu wa huko unawajua. Nyavu za madirisha ya hema ni nzuri lakini zipu ndiyo mlango wao: vumbi jekundu linaingia menoni, zipu inakwama nusu, mtu aliyechoka anaiacha wazi. Beba mswaki wa zamani na kipande cha mshumaa. Safisha, paka, kila siku ya tatu. Malaria ilinishika njiani mara moja, nikashuka ile ngazi nikiwa na homa ya nyuzi 39, mtu amenishika kiuno. Kwa hiyo acheni kila mara nafasi ya mkeka chini, ndani ya karoseri au kwenye kituo cha afya, mgonjwa asipande juu.

Na mkifika kijijini, kabla ya kufungua hema, nendeni kwa chifu. Sukari kidogo, chumvi, mseme mnatoka wapi na mtalala usiku mngapi. Gari lenye nyumba juu yake linashangaza watu. Chifu akijua, usiku kijana akipita na tochi ni kuwalinda.

Pampu_ya_Jua

Asanteni sana, mmenisaidia kuliko nilivyotegemea. Jana nilikwenda kwa yule mhandisi na mita ya fundi. Nyumba yake ina sakafu ya mita 2 na sentimita 10. Karoseri yangu ni mita 1 na sentimita 52. Karibu sentimita 60 zingebaki hewani. Nilimshukuru, nikamwambia hapana, na yeye mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akiibeba kwa gari la kabini moja.

Hema nimepata la mitumba, dola 850, kitambaa cha pamba, la watu wawili. Nimelifungua uani, halina ukungu, ila upande wa chini wa godoro kuna doa kubwa la maji ingawa mwenyewe anaapa halijawahi kuvuja. Chuma_Kamalondo, nitakuja Jumatatu na vipimo, tuongee mambo ya fremu. Mama_Chanjo, pazia nimeliulizia, linapatikana. Yaya, hilo doa ni la nini?

Yaya_wa_Kalubwe

Hajakudanganya, halikuvuja. Ni pumzi za waliolala humo. Watu wawili wanapumua usiku kucha, joto la mwili linashuka kwenye godoro, chini kuna bati la alumini lililopigwa na baridi, maji yanajikusanya hapo katikati kama kwenye mfuniko wa sufuria. Godoro likibanwa moja kwa moja kwenye bati halikauki.

Nenda soko la Kenya ununue mkeka wa matete, ule mgumu wenye nafasi kati ya tete na tete, ukate upana wa hema, uulaze chini ya godoro. Hewa inapita. Dirisha moja liache wazi kidogo hata mvua ikinyesha, upande usio na upepo. Asubuhi, wakati maji ya chai yanachemka, simamisha godoro dakika kumi kabla ya kukunja. Wangu ni mkeka wa pili sasa, wa kwanza ulidumu miaka mitatu.

Gari likilala kwenye mteremko, vichwa vielekee juu. Weka jiwe chini ya tairi mpaka maji kwenye kikombe yasimame sawa. Utuambie ukirudi kutoka Kilwa.