Bwati (gia boksi) otomatiki ikichemka Ngomo: tupeane uzoefu

Mwana Nyangezi
Jana kwenye mlima wa Ngomo, barabara ya Uvira kwenda Bukavu, nimekuta familia imekaa kando ya gari ya zamani, kapo (boneti) wazi, harufu ya mafuta yaliyoungua imejaa barabarani. Harufu ile naijua. Imenirudisha 2016.

Nilikuwa natoka Uvira na ndoo za samaki, mikebuka, kwenye barafu, watu sita ndani. Mnajua ukishaacha Kamanyola ni kupanda tu. Mbele yangu lori la Fuso lilikuwa linatambaa, kona kwa kona, mimi nyuma yake nimeiacha bwati kwenye D, ijichagulie gia yenyewe. Ikawa inahangaika: ya tatu, ya nne, inarudi ya tatu. Taa ya joto la bwati ikawaka. Nikasema ni waya tu, gari ni ya 1997. Kona mbili baadaye moteri ikalia kwa nguvu, gari haisogei. Tukashuka mbio kutia mawe nyuma ya magurudumu.

Hapo ndipo nilipoiua: nilizima moteri. Pampu ya mafuta ya bwati inazungushwa na moteri. Ukizima, mafuta hayaendi tena kupoa kwenye radiateri, joto lote linabaki ndani. Ilifaa niweke P, ya kuegesha, moteri izunguke polepole mpaka taa izimike. Tulilala pale. Mikebuka wote wakaharibika, na hawakuwa wangu. Nimemlipa mama wa watu miezi minne.

Nani mwingine yamemkuta?

Dada wa Nguba
Yaya, ile harufu ni ya maharagi yaliyoshika chini ya sufuria. Ukiisikia mara moja huisahau.

Fundi Kadutu
Pole sana, kaka. Otomatiki haina klachi ya mguu, nguvu ya moteri inapitia kwenye mafuta ndani ya konvertisa, chombo kinachounganisha moteri na bwati. Ukipanda polepole na mzigo, mafuta yanazungushwa sana na gari inasogea kidogo. Tofauti hiyo yote inageuka joto. Kwa hiyo zima overdraivu, ile gia ya juu kabisa, huku chini kabla ya kupanda, weka 2 au L, gia za chini, na umwache Fuso aende mbele.

Tena mzoee kuvuta kijiti cha kupimia mafuta ya bwati. Gari nyingi unapima moteri ikiwaka, bwati ikiwa na moto, mahali tambarare. Mekundu ni mazima. Ya kahawia yenye harufu yameungua. Yakiwa kama maziwa ya rangi ya waridi, maji ya radiateri yameingia kwenye bwati: usisogeze gari hata mita moja.

Papa Bagira
Na yakiwa ya kahawia msiyaguse! Mimi nilibadilisha yote, gari ina kilometa 280,000, wiki mbili tu bwati ikaanza kuteleza. Mafuta ya zamani yaacheni.

Fundi Kadutu
Papa, kwa heshima, hiyo bwati ilikuwa imeshakufa. Diski zilikuwa zimelika, unga wake ndani ya mafuta ndio ulikuwa unazisaidia kushika. Gari ya hivyo unamwaga yaliyo kwenye karteri tu, lile bakuli la mafuta chini ya bwati, unatembea siku kadhaa, unarudia.

Papa Bagira
Fundi aliyenibadilishia alinipa maneno hayohayo. Wewe unalipwa gari ikifa, mimi ndiye ninayetembea kwa mguu.

Mama Essence
Acheni hayo, nisikilizeni. Sisi tulikuwa tunashuka. Tulipofika juu ya Ngomo bwati ilikuwa ya moto, mtu akamshauri mume wangu aweke N, bila gia, ili ipumzike kwenye mteremko. Gari ikakimbia. Alikanyaga freni kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, moshi ukatoka kwenye magurudumu. Kona ya nne pedali ikazama mpaka chini. Upande mmoja mlima, upande mwingine hakuna kitu, unaona vichwa vya miti tu. Mtoto nilikuwa nimempakata. Mume wangu akavuta freni ya mkono, akaibana gari kwenye mlima, tukakwaruza udongo na mawe mpaka ikasimama. Milango ya upande ule haikufunguka tena. Sikulia mpaka nilipotaka kusimama nikaona miguu haipo.

Dada wa Nguba
Yesu! Na mtoto?

Mama Essence
Mzima, ana miaka 11. Lakini Ngomo hataki. Uvira tunapitia Rwanda.

Mwana Nyangezi
Mama, nimesoma nikiwa nimesimama. Mungu aliwashika.

Fundi Kadutu
Kushuka ni 2 au L, mama, moteri ndiyo ikushikilie. N kwenye mteremko, hapana kabisa.

Kijana Panzi
Mimi namwagia bwati maji baridi, dakika kumi naondoka.

Fundi Kadutu
Siku moja hicho chuma kitapasuka, mdogo wangu.

Shofere wa Kavumu
Na msikubali kuvutwa kwa kamba mwendo mrefu magurudumu yakigusa chini. Moteri imezimwa, pampu imelala, bwati inajisaga kavu. Nilivutwa hivyo, bwati ikamalizikia njiani. Sasa nimefunga radiateri ndogo ya nje kwa ajili ya mafuta ya bwati tu, na taa haijawaka tena.

Kijana Panzi
Hiyo naipata wapi, yaya?

Shofere wa Kavumu
Kwa wanaopasua magari. Lakini uliza kwanza bwati ya gari ile ilikufaje. Kama iliungua, vyuma vyake vimo ndani ya hiyo radiateri, na vitahamia kwako.

Papa Bagira
Hilo nakubali. Fundi, ya kumwaga kwenye karteri tu ni lita ngapi?