Mkoba wa dukani uliokatwa lebo si zawadi ya mkono, na safari hii sinyamazi

Naomba niliseme hili bila kumung'unya maneno, maana nimelimeza mara nyingi kwa kuogopa kuonekana mtu wa shari.

Sisi ni marafiki wa tangu utotoni, na makubaliano yetu ya sikukuu ni mepesi: tunapiga kura, kila mmoja anapata jina la mwenzake, kisha anampa zawadi iliyotengenezwa kwa mkono. Hakuna aliyedhani ingehitajika kufafanua mkono wa nani. Tulifikia hapo baada ya baadhi yetu kulalamika kwamba zawadi za kununua zimegeuka mashindano ya kuoneshana uwezo wa mfuko, na aliyelalamika kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye huyuhuyu aliyenikabidhi, kwa uso mkavu kabisa, mkoba wa kroshia alioununua dukani.

Nasema wa dukani kwa sababu nina macho. Ndani ya bitana, kwenye mshono wa pembeni, kimebaki kipande cha lebo chembamba kama ukucha, kilichokatwa kwa mkasi kwa haraka, na kingo za bitana hiyo zimepigwa ovaloki, ule mshono wa mashine unaozuia nyuzi zisifumuke, iliyonyooka kama ya kiwandani, ilhali mwenzetu huyu hana cherehani wala hajawahi kuonekana ameshika ndoano ya kufumia.

Nilipomuuliza faraghani hakukana. Alinijibu kwamba hakuna mashine inayofuma kroshia ya kweli, kwa hiyo mkoba ule umetengenezwa kwa mkono na yeye hajavunja ahadi yoyote. Nusu ya kwanza ya hoja hiyo ni sahihi, na ndiyo inayonipandisha hasira zaidi. Mashine za viwandani hufuma sweta kwa sindano nyingi kwa mpigo, lakini kroshia, ambayo ndoano moja hukamilisha kitanzi kimoja kabla ya kuanza kingine, imebaki kazi ya mkono hadi leo, na mkoba wa namna hiyo ukiuzwa kwa bei ya kutupa, maana yake kuna mtu mahali fulani ameukalia saa nyingi kwa ujira mdogo. Sasa je, fundi huyo nisiyemjua ndiye aliyenikumbuka sikukuu? Ndiye tuliyekua naye?

Mimi nilimtengenezea wangu sabuni. Anayejua kazi hiyo anajua kwamba kostiki soda huunguza ngozi, kwamba vipimo vya mafuta havikisiwi, na kwamba sabuni isiyopikwa huachwa wiki 4 hadi 6 ikauke na kukomaa kabla ya kutumika, kwa hiyo anayeikumbuka sikukuu wiki ya mwisho hawezi kuitoa. Siyataji haya ili nijisifu (haya, kidogo ni kujisifu), ila muda huo, unaopita ukimfikiria mtu mmoja, ndio tulioahidiana.

Wenzetu wengine wananisihi niyaache yapite, eti cha muhimu ni nia. Nia ipi? Ya kukata lebo? Wala nisiambiwe habari za kipaji, kwa sababu kati yetu yumo asiyejua hata kutunga uzi kwenye sindano, naye aliwahi kutoa daftari alilojaza kwa mwandiko wake visa vyetu vya shuleni, kurasa zimepinda na gundi imevuja pembeni, na aliyelipokea hakubali kuliazimisha kwa mtu yeyote.

Mkoba nimemrudishia. Kama hana muda, aseme hana muda. Kama anataka turudi kwenye kununua, alete hoja hiyo mbele ya wote tuamue upya, nami nitawafuata walio wengi. Kabla ya hapo, jina langu lisiingizwe kwenye kura moja na lake.